Zilipendwa na Bongo Fleva Ndani ya Nyumba Moja

Ukitaka kujua umri wa Mswahili anayeishi ughaibuni, usimwulize alizaliwa mwaka gani. Mwekee wimbo. Aliyekulia Dar es Salaam miaka ya 1980 atasimama kidogo akisikia tarumbeta za Mlimani Park. Aliyekulia Mombasa au Nairobi atatabasamu kwa gitaa la Les Wanyika. Bibi wa Muscat aliyezaliwa Unguja atauliza kama huna taarabu ya Ikhwani Safaa au ya Culture. Na mtoto aliyezaliwa Leicester au Minneapolis atasema, kwa heshima kama amelelewa vizuri, "Mama, tuweke Zuchu."

Mvutano huu unazijua nyumba zetu nyingi, na magari yetu zaidi. Mzazi anaweka wimbo wa zamani, magitaa yanazungumza dakika nzima kabla ya mwimbaji kufungua kinywa, na sauti inatoka kiti cha nyuma: "Wimbo unaanza saa ngapi?" Mzazi anajibu kwamba muziki wa siku hizi ni kelele tupu. Mtoto anavaa vipokea sauti masikioni. Mazungumzo yameishia hapo, na Kiswahili nacho kimeishia hapo kwa siku hiyo.

Mimi ni mpenzi wa muziki wa zamani na sitajificha. Hata hivyo nataka kuupima mapenzi hayo kwa haki, kwa sababu kwetu sisi tulio mbali na nyumbani jambo hili lina uzito kuliko ladha ya masikio. Kwa watoto wetu wengi, muziki ndio mlango wa mwisho uliobaki wazi kuingia kwenye Kiswahili. Tukiufunga kwa kejeli, hatutapata mwingine kwa urahisi.

Tunaposema "za zamani" tunasema nini?

Watanzania wanaziita zilipendwa, Wakenya wanasema zilizopendwa. Majina yote mawili yana kasoro moja: yanazungumza kana kwamba mapenzi yamekwisha. Ukweli ni kwamba nyimbo hizi bado zinapigwa redioni, kwenye harusi na kwenye baa za mitaani kila wikiendi.

Chini ya jina hilo kuna mambo mengi. Kuna taarabu ya Unguja, ambako klabu ya Ikhwani Safaa ilianzishwa mwaka 1905 na Culture Musical Club mwaka 1958. Kuna Siti binti Saad, mwanamke aliyezaliwa Fumba katika ufukara, ambaye mwaka 1928 alivuka bahari na wenzake kwenda Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili. Kuna muziki wa dansi wa Tanganyika na baadaye Tanzania: Cuban Marimba ya Salum Abdallah na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, zote za mji mmoja wa Morogoro, Atomic Jazz ya Tanga, Western Jazz, NUTA Jazz, Vijana Jazz, Orchestra Maquis na Mlimani Park za Dar es Salaam. Na kuna Nairobi, ambako Fadhili William, Daudi Kabaka na Fundi Konde waliimba kabla ya uhuru na baada yake, na ambako bendi za Wakenya, Watanzania na Wakongomani zilikaa mtaa mmoja na kuibiana wanamuziki bila haya.

Kinachonishika

Kwanza ni muda. Wimbo wa dansi wa miaka ya 1970 na 1980 haukuwa na haraka. Sehemu ya kwanza ilikwenda taratibu: mwimbaji anaeleza kisa, wenzake wanamwitikia, tarumbeta na saksafoni zinaingia kati kama mzee anayeongeza neno barazani. Kisha unakuja mgeuko. Ngoma zinabadilika, gitaa la solo linapanda, na watu waliokuwa wamekaa wanasimama. Sehemu hiyo ya pili wenyewe waliiita chemko. Santuri ndogo haikutosha kubeba wimbo mzima, hivyo kampuni ziliugawa vipande viwili, kimoja kila upande. Ulilazimika kunyanyuka kwenda kugeuza santuri ndipo umalizie kusikia yaliyompata mtu.

Pili ni kisa chenyewe. "Malaika" aliyoirekodi Fadhili William ni habari ya kijana anayempenda binti lakini hana mali ya kumwoa. Hakuna asiyeielewa, hata leo, hasa kijana wa kwetu aliyeko Doha anayehesabu mshahara akifikiria posa. "Sina Makosa" ya Les Wanyika, bendi iliyoundwa Nairobi mwaka 1978 na wanamuziki waliojitoa Simba Wanyika, ni mtu anayemuuliza mwenzake sababu ya hasira zake, kwa kuwa kila mmoja wao ana wake nyumbani. Nyuma zaidi, Siti binti Saad aliimba "Kijiti", kisa cha kweli cha mauaji ya mwanamke aliyefika Unguja akiwa mgeni na jinsi sheria ilivyoshindwa kumtendea haki. Wakati ambapo wengi wa wasikilizaji wake hawakujua kusoma, wimbo ulikuwa gazeti na mahakama ya umma kwa pamoja.

Tatu ni watu wengi ndani ya wimbo mmoja. Bendi kubwa ya Dar es Salaam ilikuwa na waimbaji watatu au wanne mbele, magitaa ya solo, rithimu na besi, ngoma, tumba na safu ya vyombo vya kupuliza. Walipoingia studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam walipiga pamoja, kama walivyopiga ukumbini. Ukisikiliza kwa makini utasikia namna wanavyopishana: mmoja akisema, mwingine anasubiri. Huo ni usikivu ambao kompyuta haiigizi kirahisi.

Bendi zilikuwa za nani?

Vijana huuliza, na wana haki ya kuuliza, bendi za watu wengi kiasi hicho zililipwa na nani. Jibu ni kwamba nyingi zilikuwa mali ya taasisi. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipobadili jina, bendi nayo ilibadili: ikawa JUWATA, kisha OTTU, na leo mashabiki wanaiita Msondo Ngoma. Mlimani Park iliyoanza mwaka 1978 ilichukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, ndiyo maana ya herufi DDC mbele ya jina lake. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama tawala. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na bendi yake, shirika la bima lake, na jeshi, polisi na magereza vivyo hivyo. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa mwenye mshahara, na vyombo vilikuwa vya mwajiri.

Mfumo huo ulizaa ushindani mtamu. Kila bendi ilikuwa na mtindo wenye jina lake: Sikinde kwa Mlimani Park, Msondo kwa NUTA, Saboso kwa Western Jazz, Kamanyola kwa Maquis, Pambamoto kwa Vijana Jazz. Sikinde na Msondo ni majina ya ngoma za Wazaramo, wenyeji wa Dar es Salaam na pwani yake, na utani wa mashabiki wa pande hizo mbili ulikuwa kama wa Simba na Yanga. Muhidin Gurumo, aliyefariki mwaka 2014, aliimba pande zote mbili kwa nyakati tofauti, na kila upande ulimdai kuwa ni wake.

Lakini tusiipake rangi enzi ile. Mashairi yalipitiwa kabla ya kurekodiwa redioni, na bendi ya shirika ilitarajiwa kutunga nyimbo za kuusifu Ujamaa na viongozi. Studio ya maana nchini ilikuwa ile ya redio ya taifa, na kituo cha kurusha matangazo kilikuwa hichohicho. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, kwa hiyo bendi zilisafiri hadi Nairobi kurekodi, na mpaka ulipofungwa mwaka 1977 baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika, njia hiyo nayo ikawa ngumu kwa miaka kadhaa. Mshahara ulikuwepo, lakini haki ya mtunzi kwa kila wimbo unapopigwa haikuwepo. Mkanda ulibaki redioni, mtunzi akarudi nyumbani kwa basi.

Mfano wa Remmy Ongala unatosha. Alizaliwa Kindu, Kongo, akahamia Dar es Salaam akiwa kijana, akaongoza Super Matimila na kuwa sauti ya wanyonge. Alipoimba "Mambo kwa Soksi" kuhimiza matumizi ya kondomu wakati UKIMWI ulipokuwa unaua watu kimyakimya, redio ya taifa haikutaka kuucheza. Watu waliujua kwa kanda na kwa kumbi. Miaka hiyohiyo Ulaya walikuwa wakimsikiliza kwenye tamasha la WOMAD na kwenye albamu zilizotolewa Uingereza. Alifariki Desemba 2010, na mpaka leo kituo cha daladala karibu na alipokuwa akiishi kinaitwa Sinza kwa Remmy.

Lawama zetu kwa muziki wa leo

Sasa twende upande wa pili. Sisi wapenzi wa zamani tuna lawama tatu tunazozirudia kama aya za msahafu, na si zote zinasimama zikipimwa.

Tunasema vijana wanaiga wageni. Leo ni amapiano ya Afrika Kusini, jana ilikuwa midundo ya Nigeria, juzi rapu ya Marekani. Ni kweli. Lakini bendi ya Salum Abdallah iliitwa Cuban Marimba, na jina hilo halikutoka Morogoro. Santuri za Cuba zilizouzwa Afrika kuanzia miaka ya 1930 ndizo zilizowafundisha babu zetu rumba na chacha, kisha wakaja Wakongomani na magitaa yao. Taarabu nayo ilichota Misri na kuchukua tuni za sinema za Kihindi. Kuazima ni desturi yetu ya pwani tangu majahazi. Swali la haki ni moja tu: ulichoazima umekifanyia nini? Mbaraka Mwinshehe aliazima, na bado sekunde tano za gitaa lake zinatosha kumtambua. Alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari Mombasa, akiwa na miaka 34, na hajapatikana wa kumfananisha naye. Msanii wa leo anayeazima mdundo na kuuacha kama alivyoukuta hatakumbukwa. Anayeutia chumvi ya kwao atakumbukwa.

Tunasema maneno ya siku hizi ni machafu. Baadhi ni kweli yamevuka mpaka, na mzazi ana haki ya kuzima. Lakini aliyewahi kukaa kwenye taarabu ya mipasho ya miaka ya 1990 akiwa na akili timamu anajua kilichokuwa kinasemwa chini ya lile fumbo la asali na mzinga. Tofauti ni kwamba mtoto hakuelewa. Na kuna uchafu wa namna nyingine ambao zilipendwa zimeujaza: nyimbo chungu nzima zinazomlaumu mwanamke kwa kila kitu, kuanzia tamaa ya pesa hadi ndoa kuvunjika. Binti yako akikuuliza kwa nini mjomba huyu anamtukana mkewe kwa sauti tamu hivyo, usimwambie anyamaze. Ameuliza jambo la maana.

Tunasema hakuna vyombo, ni kompyuta tu. Hapa tuna hoja, lakini tuielewe sababu. Mashirika ya umma yalipodhoofika, bendi zilikosa mfadhili. Redio binafsi zilipoanza miaka ya 1990, zilihitaji nyimbo mpya kila wiki, na kijana mwenye kompyuta chumbani aliweza kuzitoa. Hakuomba ruhusa ya kamati wala gitaa la chama. Ndivyo Bongo Fleva ilivyozaliwa: kwa uhuru ambao Remmy hakuupata.

Na uhuru huo ulitumika. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Professor Jay alitoa "Ndio Mzee", akijifanya mgombea anayeahidi mambo yasiyowezekana huku umati ukimwitikia. Hakuna bendi ya shirika la umma ambayo ingethubutu. Yeye mwenyewe baadaye akawa mbunge, na kabla yake Sugu, mmoja wa waasisi wa rapu ya Kiswahili, alichaguliwa kuwa mbunge wa Mbeya Mjini mwaka 2010. Waliousikiliza wimbo huo wakiwa sekondari sasa ni wazazi, na watoto wao wanauona wa kizee. Zilipendwa mpya zinazaliwa kila siku bila sisi kutangaza.

Kinachopotea kweli

Baada ya kuondoa lawama zisizo za haki, zinabaki hasara za kweli, na ndizo zinazoniuma.

Ya kwanza ni lugha. Wimbo wa dakika tatu wenye kiitikio kinachorudiwa mara kumi hauna nafasi ya kueleza jambo. Mtunzi wa zamani alikuwa na beti za kutosha kuanza na salamu, kueleza shida, kumnukuu jirani, kutia methali na kumaliza kwa ombi. Mtoto aliyesikia nyimbo kumi za namna hiyo amesikia jinsi Mswahili anavyojenga malalamiko yake bila kutukana, anavyokataa bila kusema hapana, anavyomwita mkubwa kwa heshima hata akiwa amekasirika. Mambo hayo hayafundishwi na programu za kujifunza lugha kwenye simu. Wapo wasanii wa leo wanaosimulia bado: "Zuwena" ya Diamond Platnumz ni wimbo wa kisa tangu mwanzo hadi mwisho, na jina hilohilo lilikwisha kuimbwa na Marijani Rajab, Jabali la Muziki, miongo mingi kabla yake. Lakini nyimbo za namna hiyo ni chache kwenye orodha ya mtoto.

Ya pili ni mikono. Kupiga kanuni, udi au gitaa la solo ni kazi ya miaka, na kumbi zinazomlipa mtu kwa kazi hiyo zimepungua. Unguja, chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy kimekuwa kikifundisha vijana taarabu na ngoma za asili tangu mwaka 2002, na baadhi ya wahitimu wake wanapiga kwenye majukwaa ya nje. Hiyo ni mbegu, na mbegu huhitaji maji.

Ya tatu ni kanda. Hazina kubwa ya dansi la Tanzania imo kwenye mikanda ya iliyokuwa Radio Tanzania, sasa TBC. Lakini hazina nyingine ndogondogo imo kwetu: kwenye masanduku ya chini ya vitanda vya Muscat, Dubai, Toronto na London. Ndizo kanda tulizosafiri nazo, zilizorekodiwa moja kwa moja kutoka redioni au kwenye harusi ya dada, nyingine zikiwa na salamu za mama upande wa pili. Kanda haisubiri. Joto na unyevu vinaila, na wenye Ghuba mnajua joto ninalosema.

Kuziokoa si kazi ya fundi. Toa kanda mahali penye joto, uiache kivulini. Andika kwenye kadi yake kila unachokumbuka: bendi, mwaka, nani aliirekodi. Tafuta kaseti nzima, isafishe kichwa chake, kisha iunganishe na kompyuta kwa waya kutoka tundu la vipokea sauti. Cheza upande mzima bila kuurudisha nyuma na mbele, maana utepe wa zamani hukatika. Hifadhi nakala mahali pawili tofauti. Na anza na zile zenye sauti za watu wa familia, kwa sababu hizo hazipo kwa mtu mwingine yeyote duniani.

Namna ya kusikiliza pamoja

Nimeona familia zikifanikiwa na nyingine zikishindwa. Zilizofanikiwa hazikuhubiri. Haya ni mapendekezo ya kuanzia.

*Gawaneni zamu.* Wimbo mmoja wa mtoto, mmoja wa mzazi. Wakati wa zamu ya mtoto, mzazi asikilize kwa dhati na aulize maana ya neno moja asilolijua. Mtoto akigundua kwamba anaweza kumfundisha baba Kiswahili cha mtaani, atafungua masikio kwa Kiswahili cha baba.

*Anzeni na nyimbo za madaraja.* Zuchu ni binti wa Khadija Kopa, malkia wa taarabu, na mwaka 2020 mama na mwana waliimba pamoja "Mauzauza". Mtoto akishaupenda, mwambie asikilize mama huyo akiwa peke yake na bendi yake. Mwaka huohuo Diamond alimwalika Koffi Olomide kwenye "Waah!", na wazazi waliocheza Koffi ujanani hawakuhitaji kuelezwa. Banana Zorro naye ni mtoto wa Zahir Ally Zorro, mwanamuziki wa dansi.

*Usianze na wimbo wa dakika tisa.* Anza na "Shauri Yako" au "Kasongo" za Super Mazembe, ambazo hata vijana wa Kenya wa leo wanaziimba na kuzifanyia vichekesho. Kisha "Sina Makosa", ambapo gitaa lenyewe litafanya kazi. Mtoto akizoea, mpeleke kwa Mbaraka Mwinshehe na "Shida", halafu kwa "Neema" ya Mlimani Park, na sauti ya Cosmas Chidumule, aliyekuja kuacha dansi na kuimba nyimbo za injili. "Kifo" ya Remmy iache mpaka siku familia imepata msiba. Itaeleweka yenyewe.

*Mpe mtoto chombo kimoja cha kufuata.* Mwambie: fuata besi tu, mwanzo hadi mwisho. Anayefuata besi ya zilipendwa hasikii tena urefu wa wimbo.

*Simulia, kwa ufupi.* Mtoto hataki historia ya Jumuiya ya Afrika Mashariki katikati ya barabara kuu. Anataka kujua ulivaa nini ulipokwenda DDC Kariakoo, ulimwongopea nani nyumbani, na mama yake alikuwepo au la.

*Lipeni.* Nyimbo nyingi za zamani zilizopandishwa mtandaoni zimewekwa na watu wasiohusika kabisa, na mtunzi au wajane wake hawapati kitu. Albamu rasmi inapopatikana, inunueni. Bendi au kikundi cha taarabu kikija mjini kwenu, nendeni na watoto, hata kama onyesho linaanza saa mbili baada ya muda uliotangazwa. Hiyo nayo ni sehemu ya utamaduni.

Tunachokigombania

Waswahili husema ya kale ni dhahabu. Ni kweli, lakini dhahabu iliyofungiwa sandukuni haimvishi mtu. Mtoto wako hatapenda Mbaraka kwa sababu umemwambia Diamond hafai. Huenda akampenda kwa sababu anajua mamake alilia aliposikia habari ile ya ajali, au kwa sababu amelifuata gitaa lile mwenyewe hadi mwisho.

Na tukumbuke kwamba mtoto wa ughaibuni anayeimba Bongo Fleva kwa sauti, hata kwa lafudhi ya Birmingham au Houston, anaimba Kiswahili kwa hiari yake mbele ya rafiki zake, na haoni aibu. Wengi wetu tulitumia pesa na madarasa ya Jumamosi tukitafuta jambo hilo hilo. Wasanii wa leo wametupa bure. Kazi iliyobaki ni yetu: kumshika mkono aliyekwisha kusimama mlangoni, na kumwonyesha kwamba ndani nyumba ina vyumba vingi, vingine vya zamani sana, na katika kila kimoja kuna mtu anayepiga gitaa.

Jumamosi hii chagueni wimbo mmoja wake na mmoja wako. Zimeni vitu vingine vyote mpaka uishe, pamoja na chemko yake.